Makovu ya Ngozi: Lipi Huachwa, Lipi Hutibiwa na kwa Njia Gani

Mtu mwenye kovu hakosi mshauri. Duka la dawa litamuuzia mrija wa jeli, saluni itampendekezea mafuta ya chupa ndogo ya bei kubwa, jirani atamwambia apake limao na asali, kundi la WhatsApp litamletea video ya leza kutoka ng'ambo, na daktari wa kwanza atakayemwona pengine atamjibu kwa mkato kwamba kovu halitoki. Kila mmoja ana mfano wa mtu aliyepona, na mingi ya mifano hiyo ni ya kweli. Kisichoulizwa ni swali la kwanza kabisa: huyo aliyepona alikuwa na kovu la aina gani?

Doa jeusi lililobaki baada ya chunusi, shimo dogo la tetekuwanga, mshono wa upasuaji wa uzazi uliovimba, uvimbe mgumu kwenye ndewe ya sikio, na kiwiko kilichokunjamana baada ya mtoto kumwagikiwa uji wa moto: vyote huitwa kovu na vyote hutafutiwa dawa moja. Kumbe ni matatizo matano yenye vyanzo tofauti. Kinachosaidia moja huweza kuharibu jingine, na kwa baadhi yake tiba iliyokosewa huacha hali mbaya kuliko ile mgonjwa aliyoingia nayo.

Ngozi inavyojiziba

Ngozi ina tabaka la juu, jembamba, linalojifanya upya kila baada ya wiki chache, na tabaka la ndani, nene zaidi, lenye mishipa ya damu, vinyweleo, tezi za jasho na nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara. Mchubuko unaoishia tabaka la juu hupona pasipo kovu. Jeraha likifika ndani, mwili hauirudishi ngozi ileile, unaziba pengo. Damu huganda, seli za ulinzi husafisha uchafu na vijidudu, kisha seli za kutengeneza nyuzi huanza kumwaga kolajeni kwa haraka. Katika ngozi nzima nyuzi hizo zimepishana pande zote kama miyaa ya mkeka uliosukwa vizuri. Katika kovu hulala kwa wingi upande mmoja. Vinyweleo na tezi za jasho havirudi, ndiyo maana kovu pana la moto halioti nywele wala halitoi jasho.

Si viumbe vyote vinavyopona hivyo. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa panya wa miiba kutoka Kenya. Ngozi ya panya hao huchanika kirahisi sana wanaposhikwa, kisha huota upya ikiwa na vinyweleo na tezi zake. Mtoto wa binadamu naye, katika miezi ya mwanzo ya tumboni, hupona bila kovu. Uwezo huo hupotea kabla hajazaliwa, na wanasayansi bado wanatafuta namna ya kuuamsha. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanikiwa kuponya majeraha ya panya wa maabara karibu bila kovu kwa kuzuia ishara ambayo seli hupokea ngozi inapovutwa. Kwa binadamu, hilo halijafika kuwa tiba ya kawaida.

Kujipanga kwa kovu huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kidonda cha kawaida hufunga ndani ya wiki mbili au tatu, lakini kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima, wakati mwingine mwaka na nusu. Miezi ya mwanzo huwa gumu, limeinuka, linawasha, na rangi yake ni ya zambarau au nyeusi kuliko ngozi inayolizunguka. Baadaye hulainika na kushuka. Hata likikomaa kabisa, uimara wake hauzidi takriban asilimia 80 ya ule wa ngozi ya awali.

Kalenda hii inaeleza sehemu kubwa ya mkanganyiko. Mtu hupaka mafuta kwa miezi sita, kovu linatulia, na sifa yote inakwenda kwenye chupa, ilhali pengine mwili ungeifanya kazi hiyo bila kupakwa chochote.

Mambo matatu hulifanya kovu kuwa baya: maambukizi, kidonda kinachokawia kufunga, na mvutano wa ngozi. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Tangu mwaka 1861, mwanaanatomia Karl Langer wa Austria alipochora mistari inayoonyesha ngozi ya mwili inavutwa kuelekea wapi, wapasuaji wamejifunza kukata kwa kuifuata. Mkato unaofuata mstari huacha uzi mwembamba. Unaoukata mstari hutanuka. Daktari wa Kijapani Rei Ogawa ameendeleza hoja hiyo kwa kuonyesha kwamba keloidi hupenda kifua, mabega na maeneo mengine yanayovutwa kila mtu anaponyoosha mkono au kuvuta pumzi, na huwa nadra mno kwenye kope, ambako ngozi imelegea.

Doa si kovu

Yako malalamiko mengi ya "kovu" ambayo si kovu. Chunusi, kuumwa na mbu au mkwaruzo huichokoza ngozi, nayo humwaga rangi ya ziada, melanini. Doa linabaki, lakini ukipitisha kidole hakuna shimo wala mwinuko. Ngozi nyeusi hupata madoa haya kwa urahisi zaidi. Hufifia yenyewe kwa miezi, wakati mwingine mwaka, na jua huyachelewesha.

Hapa ndipo mkorogo unapopata wateja. Krimu za kung'arisha zenye haidrokwinoni kupita kiasi, zebaki au steroidi kali huondoa doa kwa kasi inayoshawishi, na bei yake haionekani siku ya kwanza. Steroidi hukondesha ngozi, huleta michirizi isiyofutika na chunusi mpya. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha weusi wa kibluu usiotoka. Zebaki hudhuru figo. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya namna hiyo, lakini bado vinapatikana sokoni, vingine bila maelezo yoyote ya viambato kwenye kopo. Mtu aliyekuwa na doa la kupita huishia na ngozi iliyoharibika ya kudumu. Katika upotovu wote unaozunguka makovu, huu ndio mkubwa, kwa sababu tatizo la mwanzo halikuhitaji zaidi ya subira, kinga ya jua na, pale inapobidi, dawa anayoisimamia daktari wa ngozi.

Keloidi: kovu lisilojua kusimama

Kovu nene la kawaida huanza ndani ya wiki chache, hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, na mara nyingi hushuka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Keloidi huivuka mipaka. Huweza kuanza miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, pengine miaka, na ni nadra kushuka yenyewe. Tundu la hereni lenye upana wa mwiba huzaa uvimbe uliozidi ndewe yenyewe. Chunusi moja kifuani hugeuka mwinuko unaotambaa pande mbili na kuwasha usiku kucha. Si saratani wala haiambukizi, lakini huuma na huvuta macho ya watu. Wanaoishi nayo wanajua gharama ya kuvaa kola ya juu siku ya joto.

Huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, na hufuata koo. Huweza kukua kwa kasi wakati wa kubalehe na wa ujauzito. Wapo wanaoihusisha na damu chafu au na vyakula fulani. Hakuna chakula kilichothibitishwa kuianzisha.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba weusi wenyewe wa ngozi ndio chanzo. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 katika jarida la madaktari wa ngozi wa Uingereza uliitikisa dhana hiyo. Watafiti waliwalinganisha Waafrika wenye rangi ya kawaida na wenzao wenye ualbino, wakakuta keloidi karibu kwa kiwango kilekile katika makundi yote mawili, takriban watu 8 kati ya kila 100. Wenye ualbino wana melanini kidogo sana au hawana kabisa, lakini wanashiriki nasaba moja na majirani zao. Kwa hiyo jibu litafutwe kwenye urithi na kwenye tabia ya seli za ngozi, wala si kwenye rangi.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama kovu nene na keloidi ni magonjwa mawili au ni ngazi mbili za ugonjwa mmoja. Wanaozitenganisha wanasema mwenendo wao ni tofauti mno, na kuzichanganya kunamfanya mpasuaji akate pasipopaswa kukatwa. Wanaoziunganisha, Ogawa akiwamo, wanasema chini ya hadubini mara nyingi sifa za zote mbili hukutwa katika kovu moja, na kwamba mvutano na uchochezi wa muda mrefu huisukuma ya kwanza kuelekea ya pili. Kwa mgonjwa, hoja ya kwanza inafaa zaidi wakati wa kuamua juu ya kisu. Ya pili inafaa wakati wa kuamua mapema, maana inakataza kungoja mpaka kovu livuke mipaka ndipo lishughulikiwe.

Kuna hali nyingine inayofanana na keloidi, na vijana wengi wa mijini wanaijua bila kujua jina lake: vipele vya kisogoni. Mashine ya kinyozi hupita chini kabisa, wembe huchonga mstari, na nywele za kipilipili, kwa kuwa hujikunja, huchoma ngozi na kurudi ndani. Vipele huwaka, hupona, huwaka tena, na baada ya muda kisogo kinajaa uvimbe mgumu usioota nywele. Matibabu yake ni magumu na marefu. Kuziacha nywele zibaki milimita chache na kukataa wembe kisogoni ni hatua ambayo kinyozi yeyote anaweza kuichukua leo.

Hoja ya kuliacha

Msimamo wa kwanza wa tiba ni kutotibu. Una nguvu kuliko unavyosikika. Makovu mengi ya kawaida hutulia, kila tiba ina hatari yake, na kila tundu jipya kwenye ngozi yenye mwelekeo wa keloidi ni mwaliko wa keloidi nyingine. Kwa mshono mwembamba wa miezi minne usiouma, kungoja ni uamuzi wa kitabibu halali kabisa.

Udhaifu wake unaonekana pale unapotumiwa kwa kila kovu. Keloidi ndogo laini hutibika kirahisi kuliko kubwa iliyokauka. Kovu la moto juu ya kiungo, likiachwa, hukaza kiungo. "Kovu halitoki" ni kauli ya kweli inayotumiwa vibaya, kwa sababu kutotoka hakumaanishi kutopungua, kutolainika wala kutoacha kuwasha.

Vya kupaka na kubandika

Katika kundi hili silikoni ndiyo inayotajwa kwanza katika miongozo ya kitaalamu, iwe jeli au karatasi laini ya kubandika. Kidonda kikishafunga, karatasi hukatwa kwa umbo la kovu, hubandikwa kwa saa 12 au zaidi kila siku, huoshwa kwa sabuni na maji, huachwa ikauke na kubandikwa tena, kwa miezi miwili au mitatu na kuendelea. Inaaminika kwamba hulihifadhi kovu katika unyevu, nazo seli zikapunguza kasi ya kumwaga kolajeni. Haina madhara makubwa wala haihitaji sindano. Lakini mapitio ya Cochrane, yanayokusanya na kupima ubora wa tafiti za tiba, yamesema mara kadhaa kwamba ushahidi wake ni dhaifu. Na karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya hali ya hewa ya baridi haikai vizuri kwenye kifua kinachotoka jasho Mombasa au Dar es Salaam. Huleta vipele vya joto, na mgonjwa huiacha wiki ya pili. Jeli inafaa zaidi pwani. Ni kinga nzuri kwa mshono mpya, lakini mtu mwenye keloidi ya miaka mitano akiitegemea peke yake atapoteza fedha.

Mafuta ya vitamini E yana sifa kubwa kuliko kazi yake. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1999 uliyajaribu kwenye makovu ya upasuaji: kwa karibu wagonjwa wote hayakubadilisha kitu au yaliharibu mwonekano, na thuluthi moja walipata mzio wa ngozi. Jeli za kitunguu zimetoa matokeo yanayopingana. Asali ina nafasi yake kwenye kidonda kibichi, hasa cha moto usioingia ndani, ikiwa ni asali iliyosafishwa kwa matumizi ya hospitali. Kwenye kovu lililokwisha kukauka haina kazi inayojulikana. Limao ni hatari ya wazi: juisi yake ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha doa jeusi zaidi.

Kuchua kovu kwa mafuta ya nazi au mafuta mengine mepesi ni jambo jingine. Kinachosaidia pale ni mkono zaidi ya mafuta: kukandwa kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku hulegeza kovu lililoshikana na nyama ya chini na kupunguza muwasho. Ushahidi wake si mwingi, lakini hauna gharama.

Sindano ndani ya kovu

Kwa keloidi na makovu manene, tiba iliyokaa katikati ya mjadala wote ni sindano ya steroidi, triamsinoloni, ndani ya kovu lenyewe. Hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita. Mara ya kwanza keloidi huwa ngumu kiasi kwamba bomba la sindano linagoma; daktari husukuma kwa nguvu ya kidole gumba, dawa huingia kidogo kidogo, na uvimbe hubadilika rangi ukapauka palipofikiwa. Huuma. Wengine huchanganya ganzi, wengine hutanguliza barafu. Baada ya mara mbili tatu uvimbe hulainika, na kwa wengi muwasho hukoma kabla hata umbo halijabadilika.

Nguvu yake ni kwamba dawa ni ya bei nafuu ikilinganishwa na njia nyingine, haihitaji chumba cha upasuaji, na imetumika kwa miongo mingi. Udhaifu wake ni wa aina tatu. Dawa ikivuka mpaka wa kovu hukondesha ngozi na kuiacha nyeupe, jambo linaloonekana sana kwa mtu mweusi na huweza kuchukua miezi mingi kurudi. Baadhi ya wanawake huvurugikiwa hedhi kwa muda. Na keloidi zipo zinazorudi baada ya kushuka, hasa mgonjwa akikatisha dozi alipoona nafuu. Pale steroidi peke yake inaposhindwa, madaktari huichanganya na fluorourasili, dawa iliyotoka kwenye tiba ya saratani. Mchanganyiko huo hufanya kazi vizuri kwa wengi, lakini haupewi mjamzito.

Kisu na kinachofuata

Mgonjwa wa keloidi mara nyingi hufika na ombi moja: ikatwe. Ni ombi linaloeleweka, na likitekelezwa peke yake ni kosa baya kuliko yote katika tiba ya keloidi. Keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine ya kuifuata hurudi kwa asilimia 45 hadi 100 ya wagonjwa, kwa kutegemea tafiti na sehemu ya mwili, na mara nyingi hurudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Sababu imekwisha kuonekana: kisu ni jeraha jipya, refu kuliko lile la mwanzo, kwenye ngozi ileile.

Hata hivyo kukataa kisu kabisa nako si sahihi. Keloidi ya ndewe yenye shina hukatwa vizuri, kwa sababu ndewe haivutwi, na ikifuatwa na sindano za steroidi pamoja na hereni maalumu ya kuibana, wengi hupata sikio lenye umbo lake. Keloidi ya katikati ya kifua ni habari nyingine; mpasuaji mwangalifu huiogopa, na ana haki.

Mionzi ndiyo mshirika mwenye nguvu zaidi wa kisu. Huanza mapema, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili baada ya kukata, kwa dozi ndogo zinazozuia seli kuanza tena kumwaga kolajeni, na hupunguza sana uwezekano wa keloidi kurudi. Gharama zake ni mbili. Kwanza kuna hofu ya saratani miaka mingi baadaye; hatari ni ndogo, lakini inatosha kuwafanya madaktari wasite kuitumia kwa watoto na karibu na matiti au tezi ya shingo. Pili, mashine za mionzi katika nchi zetu ni chache na ziko katika hospitali za saratani kama Ocean Road ya Dar es Salaam, ambako foleni ni ya watu wanaopigania uhai. Tiba inayoongoza katika vitabu vya Japani haiwezi tu kuhamishiwa hapa kana kwamba mashine ziko kila mkoa.

Baridi, leza na sindano ndogo

Kugandisha kovu kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huua seli za ndani na kupunguza uvimbe. Ina mafanikio mazuri kwa keloidi ndogo. Lakini seli zinazotengeneza rangi huuawa na baridi upesi kuliko nyingine, na mgonjwa mweusi huweza kubadilishana uvimbe na baka jeupe. Wapo wanaoridhia, waulizwe kabla.

Leza imeuzwa kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili. Nyingi za mashine hizi hufanya kazi kwa mwanga unaonyonywa na rangi, na melanini ya ngozi nyeusi huunyonya kabla haujafika unakotakiwa. Kipimo maarufu cha aina za ngozi, kilichotungwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, kilianza na ngozi nyeupe. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Ukweli huo unaonyesha tafiti nyingi zilianzia kwa nani. Ziko leza zenye mawimbi marefu zinazofaa zaidi kwa weusi, na ziko zinazotoboa vitundu vidogo ambazo zimelainisha makovu ya moto vizuri. Yote yanategemea aina ya mashine, kipimo kilichowekwa na mikono ya anayeiendesha. Tangazo lisilotaja lolote kati ya hayo halina taarifa yoyote ya maana kwa mgonjwa.

Makovu ya mashimo ya chunusi ndiyo yanayofaidika zaidi na kundi hili. Hapa ngozi imepungukiwa kolajeni, na lengo ni kuichokoza itengeneze nyingine. Mashimo membamba yaliyoingia ndani hutiwa asidi kali kwa ncha ya kijiti au hukatwa moja moja. Mabonde mapana yaliyovutwa chini hukatiwa nyuzi zinazoyashika. Yaliyobaki hutobolewa kwa sindano ndogo nyingi za milimita moja hadi mbili na nusu. Njia hiyo ya mwisho ni salama kiasi kwa rangi ya ngozi nyeusi kwa kuwa haitumii joto. Hakuna hata moja inayorudisha uso wa utotoni, na daktari mwaminifu huzungumzia kupungua kwa sehemu baada ya vipindi kadhaa.

Sharti la kwanza ni chunusi zenyewe ziwe zimedhibitiwa, la sivyo mashimo mapya yatachimbwa wakati ya zamani yanafukiwa. Na kwa mwenye historia ya keloidi, kutoboa na kuchoma uso kwahitaji kufikiriwa mara mbili.

Usafi nao si wa kufanyia mzaha. Mwaka 2024 taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani, CDC, ilieleza jinsi wateja wa saluni moja isiyo na leseni katika jimbo la New Mexico walivyoambukizwa virusi vya UKIMWI baada ya kutobolewa uso kwa sindano ndogo na kupakwa damu iliyochakatwa. Roli za sindano zinazouzwa mtandaoni na kuzungushwa kati ya marafiki zina hatari ileile.

Kovu la moto: suala la kiungo, si la sura

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moto na vimiminika vya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaosalimika hubaki na makovu yanayokaza. Jiko la mkaa lililowekwa sakafuni, sufuria ya chai ukingoni, na kifafa kisichotibiwa kinachomwangusha mtu motoni ni vyanzo vinavyojulikana katika nyumba za Afrika Mashariki. Ngozi iliyoungua ndani hupona ikijivuta kuelekea katikati, na mtoto anayeshikilia mkono umekunjwa kwa sababu ya maumivu hupona akiwa ameukunja. Kidevu hushikana na kifua, vidole hushikana na kiganja. Mifupa inaendelea kukua, kovu haliendelei.

Kwa makovu haya mjadala wa krimu hauna nafasi. Kinachohitajika ni banzi la kunyoosha kiungo tangu wiki ya kwanza, mazoezi ya viungo hata mtoto akilia, ngozi ya kupandikiza mapema pale kidonda kinapokataa kufunga, na nguo za kubana kwa saa nyingi za siku kwa miezi mingi. Kovu likishakaza, mpasuaji hulilegeza kwa mikato ya umbo la herufi Z inayogeuza mwelekeo wa mvutano, au hulifungua na kupandikiza ngozi. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazofanya upasuaji wa namna hii. Tatizo ni kwamba watoto huletwa baada ya miaka, familia ikiwa imeambiwa kwamba kidonda kimepona na kwa hiyo kazi imekwisha.

Wiki za mwanzo

Hakuna tiba ya kovu inayoshinda matunzo ya kidonda, na hapa mazoea mengi ya nyumbani yanakwenda kinyume. Aliyeungua aoshwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mayai, unga na mafuta ya kupikia huhifadhi joto au huleta vijidudu. Kidonda kisikaushwe. Tangu George Winter alipoonyesha mwaka 1962 kwamba vidonda vya nguruwe vilivyofunikwa vikabaki na unyevu hupona karibu mara mbili haraka kuliko vilivyoachwa wazi, wazo la kukiacha kidonda kipigwe upepo kikauke lilipoteza msingi. Sabuni na maji safi, mafuta mepesi kama vaselini, na bandeji inayobadilishwa vinatosha kwa vidonda vingi vidogo. Spiriti kila siku huua vijidudu pamoja na seli zinazojenga ngozi.

Kwa mwenye keloidi, au ambaye mama au kaka yake anayo, kinga kuu ni kuepuka jeraha lisilo la lazima: tundu la pili la sikio, tatuu, chale za urembo, kukamua chunusi za kifuani. Upasuaji wa lazima ufanyike, lakini mpasuaji aambiwe mapema ili mshono usivutwe na sindano ya kwanza isichelewe.

Mizani

Ukiziweka hoja zote pamoja, kambi zinazopingana zinaonekana kuwa na ukweli kila moja mahali pake. Anayesema "liache" ana haki juu ya doa na juu ya mshono mchanga uliotulia. Anayetetea silikoni ana haki katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa keloidi, sindano ya steroidi ndiyo pa kuanzia, kwa kuwa inapatikana, inavumilika na haizibi njia ya tiba nyingine. Kisu kije baadaye, na kisije peke yake. Leza na sindano ndogo zina nafasi kwenye mashimo ya chunusi, kwa mtu aliyekwisha elezwa hatari ya kubadilika rangi na anayemudu vipindi kadhaa.

Uhaba wa wataalamu unazifanya hesabu hizi kuwa ngumu. Moshi kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ambacho kimefunza wataalamu wa ngozi kwa nchi nyingi za Afrika. Bado wilaya nyingi hazina hata mmoja. Sindano ya keloidi hata hivyo inaweza kufundishwa kwa daktari wa kawaida au ofisa tabibu, na ingefika mbali kuliko mashine yoyote ya leza itakayonunuliwa jijini.

Zaidi ya yote, mgawanyo wa fedha na uangalizi umepinda. Mabango ya mijini yanatangaza kung'arisha madoa ambayo yangefifia, bima mara nyingi huiweka tiba ya makovu katika fungu la urembo, na mtoto mwenye vidole vilivyoshikana na kiganja anawekwa katika fungu hilohilo. Kovu linalozuia kushika kalamu, kugeuza shingo au kunyonyesha ni ulemavu unaotibika, na upasuaji wake unafaa kulipiwa kama unavyolipiwa mfupa uliovunjika. Mfuko wa bima ukitaka pa kuuchora mstari kati ya urembo na tiba, kuna vipimo vitatu rahisi: kovu linazuia kazi gani, linauma kiasi gani, na linaendelea kukua au limesimama.